Kusoma Uchakavu: Utangulizi wa Elimu ya Kutunza Jeki ya Gari la Porini

Kurasa hizi zinahusu kifaa ambacho kila dereva wa gari la porini amewahi kukitegemea au atakuja kukitegemea siku moja: ile jeki ndefu ya chuma, yenye nguzo iliyotobolewa matundu kuanzia chini hadi juu, inayofungwa nyuma ya Land Rover au juu ya keria ya Land Cruiser. Kenya wengi huiita jeki ya Tanganyika. Kwingine huitwa Hi-Lift, hata ikiwa imetoka kiwanda kingine kabisa. Mafunzo ya udereva huigusa kwa dakika chache tu: hapa unaweka, hapa unapampu, hapa unashusha. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ndani yake mna elimu kamili, yenye historia, kanuni na maswali yanayosubiri watu wa kuyafanyia kazi. Mlango nitakaoutumia kuingia ni mdogo kuliko mnavyotarajia, nao ni kibanio cha mpini, kile kipande kinachoushika mpini wa jeki usicheze.

Nimekichagua kwa sababu tatu. Kwanza, kikiwa cha mpira, kwa kawaida huchakaa mapema kuliko sehemu za chuma, kwa hiyo mwanafunzi hatakosa mfano wa kushika mkononi. Pili, bei yake ni ndogo na kukibadilisha hakuhitaji gereji wala vyombo vya gharama. Tatu, na hii ndiyo kubwa, mambo yanayokiharibu kibanio ndiyo hayohayo yanayoziharibu sehemu zinazobeba uhai wa mtu: mtikisiko, vumbi, jua, mafuta na matumizi mabaya. Kipuri kilichochakaa ni ushahidi. Fundi anayekitoa na kukitupa bila kukitazama atafunga kipya, na hicho kipya kitakufa kifo kilekile. Hoja nitakayoishikilia tangu hapa hadi mwisho ni kwamba kusoma uchakavu kunatangulia kubadilisha kipuri.

Jeki yenyewe

Jeki hii ilikulia mashambani. Kampuni iliyoipa sifa duniani iko katika mji mdogo wa Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani, na imekuwa ikiitengeneza tangu 1905. Wakulima waliitumia kung'oa nguzo za uzio, kukaza waya na kuinua mitambo iliyozama. Ndiyo maana umbo lake halifanani na jeki ya haidroliki inayojificha chini ya gari. Hii ilikusudiwa kuinua, kuvuta, kubana na kusukuma, na gari la porini lilipokuja liliikuta imekwisha kuwa na mazoea ya kazi hizo zote.

Sehemu zake zinahesabika. Kuna nguzo, kuna kitako kinachokaa ardhini, kuna kichwa kinachoipanda nguzo kikiwa na ulimi wa kubebea mzigo, kuna mpini mrefu, kuna swichi ndogo ya kuchagua kupandisha au kushusha, na juu kabisa kuna kibano kilichofungwa kwa bolti. Ndani ya kichwa mna pini mbili, kila moja ikisukumwa na springi yake iingie kwenye matundu ya nguzo. Dereva akiushusha mpini, pini moja inabeba mzigo wote huku ya pili ikitoka katika tundu lake na kupanda hadi la juu yake; akiuinua mpini, zamu inabadilika. Ni mwendo wa mkwezi wa mnazi, ambaye hauachii mguu mmoja mpaka mwingine uwe umeshika. Usalama wote wa jeki umo katika zamu hiyo. Pini isipoingia hadi mwisho kwa sababu ya tope, kutu au springi iliyochoka, mzigo unabaki hauna wa kuubeba.

Jeki za Hi-Lift zenye nguzo ya inchi 48, yaani sentimita 122, huandikwa uzito wa kazi wa pauni 4,660, ambazo ni takriban kilo 2,114. Kwenye kichwa kuna pia bolti iliyokusudiwa ikatike mzigo unapofikia takriban pauni 7,000, yaani kilo 3,175. Bolti hiyo inakatika ili sehemu nyingine zisivunjike, na dereva anapoona mpini umelegea ghafla anapata kujua kwamba amevuka mpaka. Nitairudia bolti hii baadaye, kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi inapobadilishwa.

Kazi ya kibanio

Jeki nyingi hutoka kiwandani na kibanio cha waya wa springi kinachoushika mpini kwenye nguzo. Madereva wengi huongeza au hukibadilisha kwa kibanio cha mpira au cha poliyurethani, chenye nafasi mbili: moja ya nguzo, nyingine ya mpini. Ukiuliza kazi yake utajibiwa kwamba kinazuia kelele, na jibu hilo ni sahihi ingawa halitoshi.

Mpini uliolegea hupigapiga nguzo njia nzima. Kila pigo linabandua chembe ya rangi, na penye chuma kitupu kutu haichelewi. Mahali panapopigwa ni nguzo ileile ambayo kichwa kitatakiwa kuipanda bila kukwama. Kelele, kwa hiyo, ni sauti ya uharibifu unaoendelea, na anayeongeza sauti ya redio ili asiisikie anajinyima taarifa.

Kazi ya pili inahusu mwili wa mtu. Swichi ikigeuzwa ili kushusha wakati mpini hauko wima, mzigo unaweza kuurusha mpini juu na chini kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia, na watu wamevunjika taya na mikono kwa njia hiyo. Ndiyo maana kanuni ya watengenezaji ni moja: mpini usimame wima na kushikamana na nguzo, kisha ndipo swichi iguswe. Kibanio kizima kinamzoesha dereva kuurudisha mpini mahali pake kila anapopumzika, na mazoea hayo yana thamani kuliko kipande chenyewe. Hata hivyo, lazima niseme wazi kwamba kibanio hakikuundwa kuuzuia mpini wenye mzigo. Kinashika mpini uliotulia. Kazi ya kuudhibiti mpini wenye nguvu ya gari ni ya mikono miwili ya dereva aliyesimama pembeni, kichwa chake kikiwa nje ya njia ya mpini.

Elimu ya msuguano

Wanadamu wamesugua vitu tangu walipowasha moto, lakini kuupima msuguano ni jambo la juzi. Mwishoni mwa karne ya 15 Leonardo da Vinci alichora majaribio ya vipande vinavyoburuzwa juu ya meza. Mnamo 1699 Guillaume Amontons aliwasilisha mjini Paris kanuni kwamba msuguano unaongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, na mnamo 1785 Charles-Augustin de Coulomb aliipanua kanuni hiyo kwa majaribio mengi zaidi. Uchakavu, yaani kiasi cha kitu kinacholiwa katika kusuguana, ulisubiri zaidi. Mwingereza J. F. Archard alitoa mwaka 1953 kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: kiasi kinacholiwa huongezeka kwa mzigo na kwa umbali wa kusuguana, na hupungua kadiri uso unavyokuwa mgumu. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliieleza serikali ya Uingereza kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuelewa vizuri msuguano, uchakavu na ulainishaji. Ripoti hiyo ndiyo iliyoipa elimu hii jina lake la tribolojia na nafasi yake katika vyuo vikuu.

Kanuni ya Archard inaweza kuonekana iko mbali na kipande cha mpira kilichofungwa nyuma ya gari. Tuisogeze karibu. Chukua barabara ya changarawe iliyojikunja mawimbi, kama ile inayotoka lango la Naabi kuelekea Seronera katika Serengeti, na tuseme umbali kati ya wimbi moja na jingine ni sentimita 80. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa linasafiri mita 10 kila sekunde, kwa hiyo linapata mitikisiko 12 hadi 13 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni mitikisiko 45,000. Kama kibanio kimelegea kiasi cha kuuruhusu mpini uteleze milimita 2 tu kwa kila mtikisiko, basi kwa saa moja mpini umesugua kibanio umbali wa mita 90. Weka na vumbi katikati yao. Punje za mchanga ni ngumu kuliko mpira na kuliko rangi, nazo hufanya kazi ya msasa.

Tazama sasa funzo linalotoka katika hesabu hiyo. Milimita 2 za ulegevu ndizo zinazozalisha mita 90. Kibanio kinachobana barabara hakina umbali wa kusuguana, kwa hiyo hakiliwi. Kikishalegea kidogo kinaanza kuliwa. Kadiri kinavyoliwa kinazidi kulegea, na ulegevu mpya unaleta umbali mrefu zaidi. Ndiyo maana kibanio hudumu muda mrefu kikionekana kizima, kisha huharibika haraka. Wakati wa kukibadilisha ni pale kinapoanza kucheza. Anayesubiri kikatike anakuwa amekwisha kuipoteza rangi ya nguzo.

Mpira na maadui wake

Chuma kinaliwa na msuguano na kutu. Mpira una maadui zaidi, na kila mmoja huacha alama yake. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huacha kunata kwenye joto na huacha kukakamaa kwenye baridi. Ugunduzi huo haukuuondolea mpira wa asili udhaifu mmoja: katika minyororo yake ya kikemikali kuna viungo ambavyo ozoni huvikata. Ozoni iliyo karibu na ardhi ni kidogo sana, lakini mpira uliovutwa au kukunjwa unapasuka kwa hicho kidogo, na mipasuko yake hukaa kukingama na upande uliovutwa. Mpira uleule ukiwa haujavutwa unaweza kukaa miaka bila mpasuko wa namna hiyo.

Poliyurethani, iliyobuniwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, haina udhaifu huo wa ozoni na huvumilia msuguano kuliko aina nyingi za mpira. Lakini nayo haikukamilika. Aina zake nyingi hugeuka rangi kwenye jua, na baadhi yake huvunjwa polepole na unyevu ukiandamana na joto, jambo ambalo msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja anapaswa kulikumbuka anaponunua. Mwaka huohuo wa 1937, William Sparks na Robert Thomas walitengeneza nchini Marekani mpira wa butili, ambao ndio uliokuja kutengenezea tyubu nyingi za magari kwa sababu unazuia upepo usipenye. Butili ina viungo vichache sana vya kukatwa na ozoni, kwa hiyo huvumilia jua na hewa vizuri kuliko mpira wa asili.

Hapa inafaa kuwapa heshima madereva na mafundi wetu. Tangu Namanga hadi Mbeya utakuta jeki iliyofungwa mpini wake kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya lori. Wako wanaoiona kuwa kazi ya umaskini. Kwa upande wa sayansi ya vitu, fundi huyo amechagua mpira unaostahimili ozoni, unaorudi umbo lake baada ya kuvutwa, na unaopatikana kila kijiji chenye mtu wa kuziba pancha. Udhaifu wa utepe uko kwenye namna ya kufunga: fundo huteleza, mpini haupati kitako chake, na mtu mwenye haraka hushindwa kuufungua kwa mkono mmoja. Fundi akikata kipande kipana chenye matundu mawili, kikavishwa badala ya kufungwa fundo, sehemu kubwa ya udhaifu huo inaondoka.

Alama na maana zake

Sasa tukishike kibanio kilichotolewa kwenye jeki na kukigeuza mkononi mchana kweupe. Kioshe kwanza kwa maji na sabuni, kwa maana vumbi huficha mengi, kisha kitazame upande kwa upande.

Ukiona mipasuko midogo mingi, yote ikielekea upande mmoja, hasa pale mpira ulipopinda kuzunguka mpini, ni kazi ya ozoni kwenye mpira uliovutwa kupita kiasi. Huenda kibanio kilikuwa kidogo kuliko mpini. Dawa yake ni kipimo sahihi au kibanio cha aina nyingine ya mpira.

Ukiona uso umepauka na kuacha unga kwenye kidole, lakini ndani mpira bado mzuri, ni jua. Kibadilishe, na ufikirie kuihamisha jeki au kuivika turubai.

Ukiona kibanio kimevimba, kimekuwa laini na kinateleza, kimekutana na mafuta. Mpira wa asili hunywa mafuta ya petroli na kupoteza nguvu. Ushahidi huu unakupeleka moja kwa moja kwenye swali la pili: nani alipaka grisi au oili ya injini kwenye nguzo? Watengenezaji hukataza vitu hivyo viwili kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba hunasa vumbi na kuligeuza tope linalozuia pini zisiingie. Kinachofaa ni kusafisha na kupaka kilainishi chepesi au kikavu. Kibanio kilichovimba kimekwambia kwamba pini nazo ziko hatarini.

Ukiona tundu la mpini limekuwa yai na upande mmoja unang'aa, ni mtikisiko. Angalia ulikoelekea upande unaong'aa jeki ilipokuwa imefungwa. Mara nyingi utagundua kwamba jeki yote ilikuwa ikicheza kwenye vishikizo vyake na kibanio kilibeba kazi isiyo yake. Ukifunga kipya bila kukaza vishikizo hutakuwa umetibu kitu.

Ukiona kimepondwa, kikiwa na alama ya chuma kwa chini, kichwa cha jeki kilipanda hadi kukigonga. Kosa hapo ni la matumizi: kibanio kiliachwa katikati ya nguzo wakati jeki inafanya kazi. Na ukiona kimechanika kwenye kona moja tu, utazame mpini wenyewe kutoka mwisho wake ukiwa umefumba jicho moja. Mpini uliopinda huvuta upande mmoja siku zote, na mpini uliopinda ni dalili kwamba jeki iliwahi kubebeshwa kuliko uwezo wake.

Kubadilisha

Kazi yenyewe ni fupi. Jeki isiwe na mzigo wowote. Ilaze juu ya meza au turubai na uisafishe nguzo nzima kwa brashi, kwa maana ukiteremsha kibanio kipya juu ya mchanga umekianzishia uchakavu siku ya kwanza. Weka alama ya chaki mahali kilipokaa kile cha zamani.

Kibanio cha wazi hutoka kwa kuvutwa. Cha pete kinatoka kwa juu, kwa hiyo utafungua bolti ya kibano cha juu. Panga bolti, nati na washa kwa utaratibu wa zilivyotoka. Kabla ya kufunga kipya, pitisha kitambaa kwenye nguzo na mpini. Kitambaa kikinasa, pana ukali wa chuma hapo; uondoe kwa tupa au msasa, na penye chuma kitupu upake rangi kwa mkono mwepesi bila kuziba matundu wala kuacha uvimbe. Kibanio kigumu kukiingiza kilainishe kwa maji ya sabuni, ambayo yatakauka na kukiacha kimeshika. Usitumie oili.

Mahali pa kukiweka ni karibu na ncha ya mpini, mbali na kichwa. Mpini unageukia kwenye kichwa, kwa hiyo kadiri unavyoushika mbali na kichwa ndivyo nguvu ndogo inavyotosha kuutuliza. Rudisha kibano cha juu na ukaze bolti yake, kisha fanya majaribio matatu. Itikise jeki kwa mikono miwili: isilie. Toa mpini kwa mkono mmoja: utoke bila kupigana nao. Geuza swichi na ukitembeze kichwa juu na chini bila mzigo: pini ziingie kwa mlio mkavu. Baada ya safari ya kwanza kagua tena, kwa kuwa mpira mpya hutulia mahali pake na unaweza kuacha nafasi.

Kutoka kibanio hadi matawi mengine

Msomaji aliyefika hapa amekwisha kujifunza mbinu, na mbinu hiyohiyo itamfikisha kwenye matawi makubwa ya elimu hii.

Tawi la kwanza ni la pini na springi. Pini hukaguliwa kingo zake. Zikiwa zimeviringika au zimeliwa upande mmoja, muda wake umekwisha. Springi iliyofupika au yenye kutu ya kuchimba hubadilishwa pamoja na mwenzake, kwa sababu zimefanya kazi sawa. Jeki za viwanda mbalimbali zinafanana kwa macho, lakini pini zake huenda zikatofautiana kwa unene, kwa hiyo kipimo kifanyike kabla ya kununua. Katika tawi hili pia mna jambo linalowashangaza wengi: jeki haishuki hatua kwa hatua ikiwa haina mzigo wa kutosha, takriban kilo 68. Mzigo ukiwa chini ya hapo kichwa kinaweza kuporomoka chote kwa mara moja.

Tawi la pili ni la bolti inayokatika kwa makusudi. Bolti ngumu zaidi huonekana kuwa bora, na katika sehemu nyingine za gari huenda ikawa hivyo. Hapa ni hatari. Ukiweka bolti isiyokatika, mzigo uliozidi utatafuta kitu kingine cha kuvunja. Kipuri hiki hubadilishwa kwa kipuri cha jeki hiyohiyo tu.

Tawi la tatu ni la udongo. Kitako cha jeki hii kina eneo la takriban inchi 28 za mraba, yaani sentimita 181 za mraba. Kikibeba kilo 1,000, kila sentimita ya mraba ya ardhi inabeba zaidi ya kilo 5. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa nyanda za Athi na Kapiti, hauwezi hilo ukilowa. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 30 kwa 60 na mgandamizo unashuka hadi karibu nusu kilo, sehemu ya kumi ya ule wa kwanza. Nguzo iliyoinama kwa sababu kitako kimezama hubana pini upande mmoja, na uchakavu wa upande mmoja utausoma baadaye ukiwa mezani.

Tawi la nne ni la gari lenyewe. Bampa za plastiki za magari ya sasa hazina mahali pa kuingiza ulimi wa jeki, na dereva anapaswa kujua mapema, akiwa nyumbani, gari lake linainuliwa wapi. Na katika matawi yote sheria moja haibadiliki: magurudumu yawekewe vizuizi, na mtu asiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki hii peke yake. Jeki inainua; stendi ndiyo inayobeba.

Kwa anayeanza

Elimu hii bado ina nafasi ya wafanyakazi wengi. Nchi zetu zina barabara za changarawe, pwani yenye chumvi, nyanda za juu zenye jua kali, na madereva wa utalii, wa miradi ya maji, wa magari ya wagonjwa na wa kampuni za madini ambao kila siku wanafanya majaribio bila kuyaita majaribio. Utepe wa tyubu hudumu muda gani Kilwa, na muda gani Nanyuki? Kipi kinafaa zaidi kwenye unyevu wa Pemba, poliyurethani au butili? Maswali kama haya hayahitaji maabara kubwa. Yanahitaji mizani ndogo, rula, kalamu na uvumilivu.

Kwa hiyo naomba kila mwanafunzi, fundi na dereva atakayezisoma kurasa hizi aanzishe daftari la uchakavu. Aandike tarehe ya kufunga kipuri, aina yake, jeki ilikofungwa, na njia gari linazopita. Siku ya kukitoa aandike alama alizoziona na sababu anayoidhani, kisha akihifadhi kipuri cha zamani kwenye mfuko wenye tarehe. Daftari moja linamsaidia mwenye gari. Madaftari mengi yakilinganishwa yanatupa maarifa ya kufundishia vyuoni, ya kuchagulia vipuri madukani na ya kuokoa mikono ya watu porini. Anza na kibanio ulicho nacho leo: kitoe, kioshe, kisome, uandike ulichokiona, kisha ndipo ufunge kipya.